Samaki wabichi wa Unguja: maswali ya Mama Latifa kabla ya safari ya Desemba

Mama Latifa: Assalaam alaikum nyote. Shule zikifungwa Desemba tutashuka kutoka Dodoma kuja Unguja, tukae siku chache Mjini na zilizobaki Jambiani. Watoto wanawaza kuogelea, lakini mimi na baba yao tuna haja moja kubwa, nayo ni kula samaki aliyetoka baharini siku hiyo hiyo. Huku kwetu tunakula samaki wa barafu mwaka mzima, na likizo iliyopita, katika mji mmoja wa pwani, tuliuziwa kwa bei kubwa pweza mgumu na changu aliyekwisha ladha, ingawa bahari ilikuwa mbele ya macho yetu. Naomba mnieleze kwa kirefu twende wapi, saa ngapi, na tuagize nini.

Shangazi Mwanaidi: Waalaikumu salaam, wifi yangu, na karibuni sana. Mimi ningewashauri muanze na soko kabla ya kutafuta mkahawa. Mkiwa Mjini mna diko la Malindi, yaani mahali wavuvi wanaposhusha samaki, jirani na bandari mtakaposhukia boti, na mna Soko la Darajani, ambalo limesimama tangu mwaka 1904. Samaki wa hapa huuzwa kwa mnada. Mnadishaji huwapanga mmoja mmoja au kwa mafungu, wachuuzi wakapandishiana bei, na kila fungu huondoka kwa muda mfupi sana. Nyinyi hamna haja ya kuingia mnadani. Simameni pembeni mwone ni samaki gani walioletwa kwa wingi siku hiyo, kisha mnunue kwa mchuuzi, au mwende mkahawani mkiwa mnajua la kuagiza. Ikiwa asubuhi mmeona kolekole na changu wamejaa sokoni, na jioni mhudumu anawasisitizia samaki ambaye hamkumwona hata mmoja, muulizeni alimpata lini na wapi.

Mama Latifa: Na nitamjuaje samaki aliyevuliwa leo, wifi? Mimi nikitazama nawaona wote sawa.

Shangazi Mwanaidi: Mwinue kwa kichwa. Aliyevuliwa leo hakunjiki ovyo mkononi, jicho lake limetuna na linang'aa, na ukimbonyeza mgongoni kwa kidole nyama hurudi mahali pake mara moja. Kisha mfunue shavu uangalie matamvua, maana hapo hapadanganyi: ya samaki mbichi ni mekundu kama damu na yana unyevunyevu safi, ya jana yameanza kuwa rangi ya matofali, na yaliyopauka ukaona kijivu, huyo mrudishie mwenyewe. Harufu pia itakwambia, kwa sababu samaki mbichi ananukia bahari tu, hanuki shombo kali. Usione haya kufunua shavu. Mchuuzi mwenye samaki mzuri atakufunulia mwenyewe kabla hujamwomba, na anayekuzuia umeshapata jibu lake.

Kwa kaa na kambakochi kanuni ni fupi zaidi: nunueni aliye hai. Kaa wa mikokoni huletwa wamefungwa miguu kwa kamba, na mnataka anayetikisika na aliye mzito mkononi.

Ami Khamis: Nimesoma yote aliyoyaandika Mwanaidi na ni kweli, lakini kuna jambo moja ambalo wageni wengi hawalijui, nalo ndilo linaloamua mtakula nini. Shemeji, kabla ya kuuliza mahali, uliza mwezi una siku ngapi. Mimi nimevua Nungwi tangu ujana wangu na sijaona mkahawa wowote, wa bei yoyote, ulioweza kushindana na maji.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua, maji yanajaa sana na kutoka sana. Huku kwetu, siku za bamvua maji hutoka kabisa mnamo saa 4 asubuhi, na huo ndio wakati kina mama wa Jambiani, Paje na vijiji vyote vya pwani ya mashariki wanapotembea hadi kwenye miamba wakiwa na vijiti na mikuki kutafuta pweza kwenye mashimo yao. Ifikapo adhuhuri wamekwisha kurudi. Pweza mtakayemla jioni ya siku hiyo alikuwa shimoni mwake asubuhi. Maji yakiwa mafu, bahari haitoki vya kutosha, miamba haifikiki kwa miguu, na ingawa wapo wanaozamia, pweza huwa wachache. Kwa hiyo mkipangiwa Jambiani katika maji mafu na mtu akawawekea pweza tele mezani, huenda ametoka kwenye barafu.

Samaki wa taa nao wana hesabu yao. Vibua na dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga, kwa sababu samaki hufuata taa, na taa inafanya kazi gizani. Mbalamwezi ikiwa kubwa, vyombo vingi vinapumzika. Basi giza lina vibua vyake na bamvua lina pweza wake. Na siku za mwezi mwandamo mnapata vyote viwili, kwa kuwa giza na bamvua hukutana. Desemba ni kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, Mungu akijaalia bahari inakuwa tulivu kuliko wakati wa kusi, upepo wa kusini, na vyombo vinaweza kwenda mbali kufuata jodari na nguru.

Baba Latifa: Shikamoo Kaka. Nimekuelewa vizuri. Tunaweza basi kupanga siku za Jambiani ziangukie bamvua, na za Mjini zitangulie. Kuna haja ya kufika huko kwako Nungwi?

Ami Khamis: Marahaba. Mkipata siku moja njooni asubuhi mapema. Vyombo vinavyorudi na uvuvi wa usiku hupokelewa ufukweni, na mnada unafanyika pale pale mchangani, karibu na mafundi wanaounda majahazi. Nitawanunulia mimi mwenyewe, na mke wangu atawapikia nyumbani. Hilo halina mjadala.

Zainabu wa Dar: Wifi, kwa kuwa mtapita Dar kupanda boti, nami niongeze langu. Mkifika mapema nendeni Ferry, pale soko la samaki la Magogoni, ni mwendo mfupi kutoka gati ya boti za Zanzibar. Mnanunua samaki, mnampeleka kwa watu wa kupara magamba, kisha kwa wakaangaji wenye makarai makubwa ya mafuta yanayochemka, na mnakula akiwa wa moto kwa ndimu na pilipili. Pana watu wengi na chini pana maji, kwa hiyo watoto wavae viatu vinavyofunika vidole, na mikoba muishike kwa mbele.

Latifa: Shikamooni wote. Shangazi, marafiki zangu wote waliofika Zanzibar wanaisifia Forodhani. Tutakwenda?

Shangazi Mwanaidi: Marahaba, mwanangu. Mtakwenda, na nitawapeleka mimi. Bustani ya Forodhani ilitengenezwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2009, iko mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, na jioni wapishi wanapanga meza zao pale. Ni mahali pazuri mno pa kukaa na familia upepo wa bahari ukivuma. Lakini kuhusu samaki nitasema ninavyoamini: chakula kilichotandazwa mezani tangu magharibi kinazidi kukaa kwenye joto kadiri usiku unavyokwenda, kwa hiyo twende mapema, tuchague meza yenye wateja wengi ambako vitu vinaondoka upesi, na kila kitu kichomwe mbele yetu mpaka kiive kabisa. Bei tutaiuliza kwa kila kipande kabla ya jiko kuguswa, bila ugomvi, kwa sauti ya kawaida. Mimi pale napenda urojo, maji ya miwa yenye ndimu na tangawizi, na kipande cha pweza cha kuchoma. Samaki wa kushiba namla kwingine.

Na hapa nataka mnisikilize vizuri, hasa wewe wifi unayepikia watoto. Jodari, nguru na vibua wakiachwa kwenye joto kwa saa nyingi hutengeneza sumu ambayo moto hauiondoi, hata umchome mpaka awe mkaa. Mtu akimla ulimi unamwasha kama ametiwa pilipili, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinamuuma na moyo unakwenda mbio. Samaki wa aina hizo waulizeni mara mbili wamehifadhiwa vipi, na mkihisi mwasho ulimini katika tonge la kwanza, acheni hapo hapo.

Mama Latifa: Ahsante kwa tahadhari hiyo. Mdogo wake Latifa akila kamba midomo inavimba. Je, inatosha kutomwagizia kamba?

Shangazi Mwanaidi: Haitoshi. Mwambieni mpishi tangu mwanzo, kwa maneno ya wazi, na mwombe samaki wake akaangwe kwenye mafuta ambayo hayajapikiwa kamba wala kaa, au achomwe kwenye jiko la peke yake. Pale mtakapoona mpishi anaitikia tu bila kusikiliza, mtoto ale wali wa nazi na maharage ya nazi. Na dawa alizoandikiwa na daktari ziwe mkobani kwako, zisiachwe chumbani.

Latifa: Na ule mkahawa ulio juu ya jiwe katikati ya maji? Ni karibu na Jambiani?

Ami Khamis: Upo Michamvi Pingwe, kaskazini ya Jambiani, kwa gari si mbali. Maji yakitoka mnatembea kwa miguu hadi ngazini, yakijaa mnavushwa kwa mashua. Kwa siku za bamvua asubuhi mtatembea na saa 10 jioni mtapanda mashua. Mandhari yake ni ya kumshukuru Muumba. Bei ni ya watalii na nafasi huwekwa mapema, kwa hiyo mimi ningewashauri mwende mkapige picha nje, mkitaka mnywe kitu, na pesa ya chakula muitumie kijijini.

Baba Latifa: Kijijini kwa nani, Kaka? Sisi ni wageni, hatuwezi kugonga mlango wa mtu tukaomba mchuzi.

Ami Khamis: Mnaweza, kwa utaratibu wake. Pale mtakapolala mwambieni mwenyeji asubuhi, siyo jioni, kwamba mnataka kula chakula cha nyumbani. Atamjua mama anayepika kwa agizo, na mama huyo atawajua wanaokwenda pwani. Mnapatana idadi ya watu, aina ya chakula na bei, mnaacha sehemu ya pesa ili anunue maji yakitoka, na jioni mnakuta mkeka umetandikwa. Msimbane kwa kusema lazima awe pweza. Mwambieni apike kilichopatikana. Siku moja itakuwa tasi wa kupaka, siku nyingine chukuchuku ya changu kwa ndimu na pilipili mbichi, na hicho chukuchuku hakitaki nazi wala viungo vingi, kwa hiyo samaki akiwa wa jana kinamuumbua.

Shangazi Mwanaidi: Na kuhusu ule ugumu uliokupata, wifi: pweza hupondwapondwa kwanza mpaka mikono ilegee, kisha husuguliwa na kuoshwa mpaka utelezi wote uondoke. Akiwekwa chunguni asitiwe maji wala chumvi. Afunikwe, moto uwe wa taratibu, atatoa maji yake mwenyewe ya rangi ya zambarau na kuivia humo humo. Chumvi, kitunguu na tui huja baadaye, akishalainika. Mpishi mwenye haraka humrusha kwenye jiko la makaa akiwa bado hajaiva ndani, na huyo ndiye pweza mliyemtafuna mpaka taya zikawauma.

Ami Khamis: Jambo la mwisho, na ninaliomba kama mtu aliyeishi kwa bahari. Msinunue pweza mdogo, hata akiletwa kwa bei ya kutupa, wala kambakochi mwenye mayai tumboni. Pweza hukua kwa kasi ya ajabu; vipo vijiji vyetu vinavyofunga sehemu ya miamba kwa miezi mitatu, na siku ya kufungua watu wanatoka na pweza wakubwa ambao miaka mingi hawakuwaona. Kila mnunuzi anayekubali mdogo anawaambia vijana kwamba hakuna haja ya kungoja. Mkiwakataa kwa upole, mama anayekwenda mwambani kesho atafaidika.

Mama Latifa: Shemeji, wifi, Zainabu, Mungu awazidishie. Basi tutalala Mjini kwanza, asubuhi moja twende Malindi na wifi, jioni Forodhani mapema, halafu Jambiani bamvua linapoanza. Pweza wadogo hatutawagusa.

Ami Khamis: Kabla hujalipia vyumba nitumie tarehe mlizopewa. Nitazipima na mwezi, na ikibidi msogeze kwa siku mbili tatu nitakuambia leo hii baada ya isha.

Shangazi Mwanaidi: Nami nijulishe kama watoto wanakula pilipili, nijue nikaange samaki wao kando.