Ajenti akikuambia Kisumu mpaka New York ni masaa 13, mwambie akuonyeshe hiyo ndege

Wadau leo nimekasirika na sifichi. Hawa maajenti wa tiketi hapa town, pamoja na hizo tovuti za umbali wanazokopi, wataua wazazi wetu. Mama yangu ana sukari, anajidunga insulini, alikuwa anaenda kuona mjukuu New York. Ajenti akamwandikia kwa karatasi: kilomita 11,600, masaa 13. Basi, hakuna kingine. Mama akapanga dawa na chakula chake na hiyo karatasi.

Sasa hiyo ndege ya masaa 13 inatokea wapi? Hakuna ndege inaruka kutoka Kisumu moja kwa moja mpaka Marekani, haiko! Mtu anachora tu mstari juu ya dunia, anagawanya na spidi ya karibu kilomita 900 kwa saa, jibu analipa mgonjwa.

Ukweli uko hivi. Kwanza unaenda Nairobi, kama kilomita 280 hivi, dakika 45 au 50 hewani, na hapo unaelekea mashariki ilhali New York iko magharibi, yaani unaanza safari kwa kurudi nyuma. Alafu unangoja JKIA, airport ya Nairobi, kwa sababu ile ya Kenya Airways ya moja kwa moja, iliyoanza Oktoba 2018, huondoka usiku, kwa hivyo kama ulipanda ya mchana kutoka huku utakaa hapo mpaka mgongo ukatae. Kutoka Nairobi ni kilomita 11,800 na kitu, kwenda ni kama masaa 15, kurudi kama 14, kwa sababu ule upepo mkali wa huko juu unavuma kutoka magharibi, ukienda unakupinga ukirudi unakusukuma. Hiyo mstari wao haijui. Na hapo sijagusa wale wanapitishwa Dubai ama Doha, ambapo njia yote inakuwa ndefu kuliko ile ya moja kwa moja, na bado ajenti anaandika masaa 13!

Kitu kingine, tiketi inaandika saa ya Nairobi ukiondoka na saa ya New York ukifika. Wako nyuma yetu masaa 8 msimu wao wa baridi, na masaa 7 kuanzia Machi mpaka Novemba kwa sababu wao husongesha saa, sisi hapana. Mzee akitoa moja kwa nyingine anapata masaa saba ama nane, anaona usiku mmoja tu umepita, kumbe mwili wake umekaa hewani masaa 15. Insulini haifuati saa ya ukutani jameni, inafuata masaa yamepita tangu ujidunge na ule.

Sukari ya mama ilishuka ndani ya ndege, wahudumu wakampea juisi, Mungu awabariki. Akashuka JFK, airport ya New York, akitetemeka, akapanga laini ya pasipoti kwa miguu yake kwa sababu hakuna mtu alimwombea wheelchair wakati wa kubuku.

Nimeenda kwa ofisi ya huyo ajenti, ananiambia ati hiyo namba ni ya kompyuta, si yake. Na pesa ya mama ilipokelewa na kompyuta? Andikeni masaa yote, kuanzia mtu akifika airport ya Kisumu mpaka atoke nje JFK na mizigo yake, na muandike kabla ya kuchukua pesa.