Michoro ya Kikorea ukutani Iringa: nafasi tupu ijazwe au iachwe?

Mbunifu wa Gangilonga
Kamwene ndugu zangu. Nimepewa kazi ya kubuni mabango na vibandiko vya maelezo kwa maonyesho ya nakala za michoro ya maisha ya kila siku ya Korea, enzi ya ufalme wa Joseon, yatakayofanyika hapa Iringa na kutembelewa zaidi na wanafunzi. Kiini chake ni albamu ya mchoraji Kim Hong-do yenye kurasa 25, ambayo yenyewe iko Makumbusho ya Taifa ya Korea, Seoul. Kurasa nyingi zina watu tu juu ya karatasi tupu, na walionipa kazi wanataka nijaze utupu huo kwa rangi na mapambo. Mnanishauri nini?

Mwalimu wa sanaa, Mbeya
Usijaze, tafadhali. Utupu huo ndio unaoliongoza jicho. Tazama mchoro wa mieleka: watazamaji wameketi wakizunguka uwanja, wawili wamekamatana katikati, viatu vyao vimevuliwa kando, naye muuza peremende, sanduku likining'inia kifuani, anaangalia upande mwingine kabisa. Hapana mti wala nyumba, lakini uwanja unauona. Ukipachika maua pale, duara limevunjika. Kwa kuwa kila ukurasa haufiki sentimita 30 kwa urefu, kuza mchoro mzima bila kuukata, kisha ukuta wa pembeni umkuze peke yake yule mtoto wa mchoro wa darasani anayejifuta machozi huku wenzake wakicheka. Mwanafunzi wa Kilolo atamwelewa kabla hajasoma kibandiko.

Mchapaji, Mafinga
Naunga mkono. Karatasi ya michoro hiyo imegeuka hudhurungi, hivyo ukuta mweupe pepe utaifanya ionekane chafu. Afadhali kijivu kilichopoa. Chapa kwanza kipande cha majaribio ukakitazame ukumbini, chini ya taa zile zile. Hakikisha pia fonti yako ina herufi za Kikorea, la sivyo vitachapwa visanduku vitupu, na jina la ukoo, Kim, libaki mwanzoni.

Mbunifu wa Gangilonga
Nashukuru sana. Na Shin Yun-bok, mchoraji mwingine wa enzi hiyo, aweza kukaa ukuta huohuo?

Mwalimu wa sanaa, Mbeya
Mtenge. Albamu yake ya kurasa 30, iliyo katika jumba la sanaa la Kansong, ina miti, mawe na vijito, na sketi nyekundu ya mwanamke anayepanda bembea siku ya Dano, sikukuu ya jadi ya Wakorea, itawameza wanamieleka wa Kim wakiwekwa jirani. Hiyo nyekundu ndiyo uichukue kwa vichwa vya habari vya ukuta wake, na rangi nyingine usiongeze.