Ukoo wa Babu wa Kikuyu, Dodoma: Jumamosi

Shangazi Neema, 19:02: Shikamooni wakubwa. Jumamosi saa 10 jioni kwa Babu. Kifurushi cha king'amuzi kimeisha, kila mtu 3,000 kwenye namba yangu. Na ile tamthilia ya mheshimiwa mbunge haiwashwi mbele ya watoto!

Shangazi Neema, 19:48: Mmesoma wote, kimya.

Mazengo: Shikamoo Shangazi. Nimetuma. Ila tamthilia ina kosa gani? Maigizo tu yale.

Shangazi Neema: Marahaba. Mtoto wa Yohana wa darasa la 4 ananiuliza mheshimiwa yule anagombea jimbo gani. Ukraine, 2015, Zelensky mchekeshaji aliigiza mwalimu anayekuwa rais, tamthilia ikaitwa Mtumishi wa Watu. Chama chake kikabeba jina hilohilo. Machi 2019 msimu wa 3 ukaanza siku chache kabla ya kura ya urais, Aprili kwenye marudio akapata asilimia 73. Maigizo tu?

Mazengo: Marekani nao 2005 mwigizaji Geena Davis aliigiza rais mwanamke kwenye tamthilia, watu wakalalamika anasafishiwa njia Hillary Clinton. Msimu mmoja ikakatwa, na Hillary urais hakuupata. Halafu sisi wa Dodoma wabunge tunawaona Majengo sokoni wakinunua nyanya. Runinga itatudanganya nini?

Zuhura: Mimi naigiza mbunge wa Kikuyu, nani ananishonea suti 😂😂

Yohana: Anza na maji mheshimiwa, bomba wiki ya pili hii 😂

Zuhura: Maji nimeshayaahidi, msimu wa 2 yanatoka 😂

Shangazi Neema: Nyie! Mazengo, sokoni unamwona ananunua nyanya. Kwenye tamthilia unaingizwa mpaka chumbani kwake, unamwona analia usiku. Ukishamwona mtu akilia unaona aibu kumdai hesabu.

Mama Zuhura: Hesabu umeitaja mwenyewe wifi. Hela ya turubai ya Pasaka iko wapi?

Shangazi Neema: Lile tulilimaliza kwa baba.

Mama Zuhura: Mlilimaliza ninyi. Mimi nilikuwa hospitali na mgonjwa.

Mazengo, 21:15: Babu ametuma sauti kwangu, naiandika kama ilivyo: "Tamthilia ya redio, Twende na Wakati, ilianza 1993. Huku Dodoma tulinyimwa mpaka 1995, makusudi, tuwe kipimo cha kulinganisha. Watafiti wakaona kule ilikosikika watu walizidi kutumia uzazi wa mpango. Kwa hiyo mchezo unamgeuza mtu, hilo msibishane. Lakini ule ulikuwa wa afya, na ulijulikana unafundisha nini. Huu wa mheshimiwa nani anaulipia? Niletewe jibu Jumamosi. Na Neema, hela ya turubai mweleze mke wa kaka yako, mbele yangu."

Shangazi Neema, 21:52: Nimesikia baba.

Yohana, 22:10: Shikamoo Babu.

Mazengo, 22:31: Kwa hiyo tunaiangalia au hatuiangalii?

Mjomba Lameck, 05:47: Ndio naamka. Jumamosi hii au ijayo?

Shangazi Neema, 06:03: HII. Zimefika 9,000 tu. Wifi nakupigia hupokei.