Mlima Meru: siku tatu zinatosha kwa mtu mwenye kitambi?

Mzee_wa_Tabata:
Wakuu, habari za jioni. Tuko wanne ofisini hapa Dar, Desemba hii tunakwenda Arusha. Mmoja wetu ameshawaaminisha wenzake kwamba tukiumaliza Meru kwa siku tatu, Kilimanjaro mwakani itakuwa mteremko. Mimi nina kitambi, na mazoezi yangu ni ngazi za ofisini lifti ikigoma. Wazoefu, siku tatu zinatosha? Na asiyetaka kilele ana cha kufanya, au anakaa getini kula korosho?

Binti_Usa_River:
Karibuni nyumbani. Asiyetaka kilele ana Hifadhi ya Arusha nzima. Ukiingia tu unakutana na Serengeti Ndogo, twiga na pundamilia wamejaa. Maziwa ya Momella yana heroe, na unaweza kupiga kasia. Kreta ya Ngurdoto, lile shimo kubwa la volkano, utaitazama kutoka ukingoni tu, kushuka ndani hairuhusiwi. Mbega ndio usiseme.

Mgumu_Mstaafu:
Mzee wa Tabata, nimebeba mizigo ya wageni mlima huo mpaka magoti yalipokataa, kwa hiyo sikwambii habari za picha.

Siku tatu zinawezekana, na zinauzwa sana kwa kuwa ni nafuu. Ila piga hesabu ya siku ya mwisho. Usiku wa manane mnatoka kambi ya juu, Saddle, mita 3,570. Alfajiri mko kileleni, mita 4,562. Halafu siku hiyohiyo mnateremka mpaka geti la Momella, mita 1,500 hivi. Hapo ndipo nimeona vijana wa mazoezi wakishuka kinyumenyume kama kaa. Lipeni siku nne, mlale tena kambi ya chini, Miriakamba, kwenye mita 2,514, kesho yake mshuke kama watu.

Na huyo rafiki yenu mwambieni Meru si mlima wa majaribio. Ni mfupi kuliko Kilimanjaro, sawa, lakini ukishapita Rhino Point, juu ya Saddle, unatembea juu ya ukingo wa kreta gizani: mkono wa kushoto shimo, kulia mteremko, chini ya kiatu jivu la volkano, hatua mbili mbele moja nyuma. Mawe mengine yana barafu nyembamba usiyoiona mpaka uikanyage. Kukipambazuka ndipo unajua ulikuwa wapi. Kilimanjaro iko mbele yako mashariki, na chini ndani ya kreta kuna kile kilima cha majivu, cheusi, kimechongoka. Upande wa mashariki wa mlima ulimomonyoka maelfu ya miaka iliyopita, ndiyo maana kreta iko wazi upande huo, na kifusi chake ndicho kilichoacha mabonde yenye maziwa ya Momella. Mara ya mwisho kulipuka ilikuwa 1910, mlipuko mdogo.

Wewe mwenye kitambi usibaki getini. Nenda nao mpaka Miriakamba kwa njia ndefu, ile inayopita chini ya mkuyu uliojikunja kama lango. Lala hapo, vitanda vya deka vipo. Wenzako wakipanda Saddle, wewe tembea taratibu kwenye sakafu ya kreta, uutazame ule ukuta wa mwamba kutoka chini. Kwa macho yangu ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za mlima ule, na wengi wanaipita wakikimbilia kilele. Sharti moja: mseme mapema getini, apatikane askari wa kubaki na wewe.

Askari mwenye bunduki ni lazima kwa sababu ya nyati. Akisimama, simama. Akiinua mkono, funga mdomo, hata kama ulikuwa unasimulia mechi ya Simba na Yanga.

Mzee_wa_Tabata:
Mkuu umeniokoa. Siku nne basi. Nguo je? Nina koti la mvua na raba.

Mgumu_Mstaafu:
Raba ni za Miriakamba tu, wenzako wavae buti ngumu. Kule Saddle baridi haina utani: koti zito, soksi za sufu, glavu, tochi ya kichwani na betri za akiba. Vingi vinakodishwa Arusha mjini, jaribuni zipu kabla ya kulipa. Na beba kitambulisho cha NIDA, bila hicho utapigiwa bei ya mgeni.

Binti_Usa_River:
Na zile korosho beba, ila usiwape nyani.