Tupeane uzoefu: meli na wahusika wetu wa kwanza kwenye Traveller

Msafiri wa Ondiek
Jana nimepita bandarini Kisumu nikaiona MV Uhuru gatini, kumbukumbu zikanijaa. Sisi tuliocheza Traveller kule Ondiek, ule mchezo wa mezani wa kuigiza safari za anga za juu, meli yetu ya kwanza tuliiita Uhuru kwa heshima ya hiyo hiyo, inayobeba mabehewa ya reli. Yetu ilikuwa ya biashara, tani 200, inaruka heksi moja tu (kile kisanduku cha pande sita kwenye ramani ya nyota), na deni la benki la miaka 40. Boksi la mchezo lilikuwa la mwalimu wetu wa hesabu: vitabu vitatu vidogo vyeusi, toleo la 1977. Dadu tulitoa kwenye ludo, maana mchezo wenyewe unataka zile za kawaida za pande sita. Nani mwingine alicheza huku kwetu? Meli yenu iliitwaje na nani alikuwa ndani? Semeni yote.

Kijana wa Section 58
Nakuru tupo! Yetu Menengai, ile ndogo ya skauti, wale wachunguzi wa anga, tani 100. Ila mhusika wangu wa kwanza hakuwahi kuipanda. Nilimtungia ukoo, kijiji, mpaka sababu ya kuchukia nyoka. Si mnajua mhusika hupitishwa kwanza vipindi vya utumishi kwa dadu, kabla ya mchezo wenyewe? Kipindi cha pili, skauti anahitaji 7 au zaidi kwa dadu mbili ili abaki hai. Ikatoka 5. Amekufa kabla mchezo haujaanza, na wenzangu bado wanachonga penseli.

Nyar Kano
Skauti walitumaliza wengi, pole sana.

Mama Pacha
Pole, lakini hiyo kanuni ililegezwa. Toleo la 1981 linakuruhusu useme ameumia tu, anatoka jeshini mapema na maisha yanaendelea.

Kijana wa Section 58
Mama, kwetu aliyekufa amekufa. Ndiyo maana mhusika aliyefika miaka 34 na kuanza kurusha dadu za uzee alipewa kiti cha mbele. Mkiondoa kifo, huyo mzee ana heshima gani?

Mama Pacha
Ana heshima ya kuwa mchezoni, kijana wangu. Mtoto amekaa saa nzima anaandika mhusika, halafu unamwambia aanze upya? Mimi niliona mmoja akilia Kakamega. Siwezi kuitetea kanuni hiyo.

Nyar Kano
Mmenigusa hapo kwa kulia, wacha nieleze yetu. Hii sijawahi kuiandika popote.

Meli yetu Nam Lolwe, tani 200 kama ya Ondiek. Mimi nahodha. Binamu yangu alikuwa Daktari, mstaafu wa jeshi, mpole, ndiye aliyetutibu sote. Mwisho wa mwezi ukafika na benki inataka krediti 154,500, zile pesa za mchezo. Tunahesabu na tunakosa. Vyumba vyote tuliuza kwa abiria wa krediti 8,000, hata vyetu tukabanana wawili wawili, bado haitoshi. Daktari akasema, uzeni na changu, mimi nitalala kwenye jokofu. Mnajua yale majokofu ya abiria maskini, unalipa 1,000 unagandishwa wiki nzima ya safari, ukifika dadu ndizo zinasema kama utaamka. Unahitaji 5 au zaidi kwa dadu mbili. Kukiwa na mganga hodari wa kukuamsha unaongezewa moja. Sasa mganga wetu ndiye aliyegandishwa.

Kabla hajalala akaingia ile bahati nasibu yao, kila abiria wa jokofu anakisia wangapi wataamka. Akaandika: wote ila mmoja.

Tukafika. Refa, yule msimamizi wa mchezo, anarusha, huyu ameamka, huyu ameamka. Zamu ya Daktari stima ikapotea. Tukawasha koroboi. Binamu akasema arushe mwenyewe. Dadu moja ikabaki kwenye stuli, 1. Nyingine ikaruka chini ya kochi. Refa akalala kifudifudi na koroboi mkononi, mafuta yanamwagikia zulia la mama, akakaa kimya. Tukamwuliza ngapi? Tatu.

Jumla nne.

Na alikuwa amekisia sawa. Kanuni inasema mshindi asipoamka, pesa ni za nahodha. Za mimi! Binamu yangu hakubisha. Alichukua penseli, akapiga mstari juu ya zile namba sita za uwezo wa mhusika wake, akanikabidhi karatasi. Ninayo mpaka leo. Zile krediti sikuzitumia hata moja, mchezo wote ule.

Msafiri wa Ondiek
Ee Mungu wangu.

Kijana wa Section 58
Dada, nimesoma hii mara mbili.

Baharia Mkongwe
Poleni. Lakini dadu iliyoanguka chini haihesabiwi! Refa alipaswa kuagiza irushwe tena.

Nyar Kano
Mzee, binamu mwenyewe alisema imehesabika.

Baharia Mkongwe
Alikuwa na uchungu, refa ndiye wa kumlinda. Halafu kuna jingine. Meli ya tani 200 lazima iwe na mganga kazini. Kitabu cha pili kinasema hivyo. Hamkuwa na ruhusa ya kumgandisha.

Mama Pacha
Jamani, mtu ametupa moyo wake na nyinyi mnafungua kitabu.

Baharia Mkongwe
Nafungua kwa sababu nampenda huyo Daktari, mama. Kanuni hiyo ingemwokoa.

Omera wa Kaloleni
Tumieni sinia la ugali, dadu haitoki. Sisi hatukuwahi kupoteza mtu chini ya kochi.

Msafiri wa Ondiek
Sinia linapiga kelele usiku, wazee wanaamka. Blanketi lililokunjwa ndiyo dawa.

Omera wa Kaloleni
Sawa, lakini kuhusu deni: msilipe. Ruka, badilisha jina la meli, hamia mbali.

Baharia Mkongwe
Usiwadanganye watoto wa watu. Wakala wa benki atakukuta bandarini. Punguza gharama: chota maji baharini, tengeneza mafuta yako bure.

Kijana wa Section 58
Hapana, hapana! Mafuta yasiyosafishwa kwenye meli ya biashara? Ya skauti injini yake inayavumilia, yenu haivumilii. Jirani zetu walijaribu, meli ikaruka kombo, ikapotea njia. Dadu ya kwanza inakwambia urushe dadu ngapi kujua umetupwa heksi ngapi, ikatoka 6. Zikarushwa sita zote, wakatupwa heksi 22, nje ya ramani. Walibandika karatasi za daftari kwa uji, nyingine na nyingine, mpaka meza ikaisha.

Baharia Mkongwe
Mimi nilichota mara nyingi na nikafika salama.

Mama Pacha
Nyar Kano, binamu bado anacheza?

Nyar Kano
Anacheza, yuko Kisumu. Anataka nahodha. Mimi nimemwambia nitakuwa mganga, na sitagandishwa.

Msafiri wa Ondiek
Mwenye fotokopi ya kitabu cha pili inayosomeka vizuri aniambie. Yangu kurasa za bei za meli zimefifia kabisa.