Dondoo la stafeli na saratani: liuzwe bila kizuizi?

Mtetezi wa tiba asili: Dawa za saratani zenyewe zina asili ya mimea: vinkristini ilitoka kwenye ua, paklitakseli kwenye gamba la mti. Asetojenini, kemikali za stafeli, nazo zinaua seli za saratani maabara, hilo halina ubishi. Kizuizi cha nini?

Mfamasia: Kuua zinaua, ila tazama zinauaje. Annonasini, mojawapo ya asetojenini hizo, huziba kompleksi ya kwanza ndani ya mitokondria, yaani mitambo ya nishati ya seli, seli ikakosa nishati. Seli ya saratani ina njaa kali ya nishati, na seli ya neva vilevile. Utafiti wa Guadeloupe uliochapishwa 1999 uliwahusisha watumiaji wa stafeli na ugonjwa unaofanana na Parkinson, usiosikia levodopa, dawa ya Parkinson. Na hiyo vinkristini hupimwa: kwa kawaida miligramu 1.4 kwa kila mita mraba ya mwili, tena kwenye mshipa. Hakuna anayetafuna ua.

Mtaalamu wa lishe: Tunda na kidonge visitiwe kapu moja. Finland waliwafuatilia wavuta sigara 29,133, wengine wakipewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku. Matokeo ya 1994: waliozimeza walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Ni kemikali ileile ya karoti na embe, ambayo kwenye chakula ilionekana kuendana na saratani chache.

Mtetezi: Hao wavuta sigara. Aliyeambiwa dawa zimekwisha, mnampa nini?

Mfamasia: Stafeli ale nyama yake kwa kiasi, mbegu atupe. Kidonge, unga au chai ya majani avitaje kwa daktari kabla ya mzunguko wa tibakemikali, si baada ya vipimo vya ini kuharibika. Kwa wanaomeza nilotinibi, dawa ya saratani ya damu, hatari iko kwenye tunda jingine, balungi: kemikali zake ziitwazo furanokumarini hulemaza CYP3A4, kimeng'enya kinachovunja dawa ukutani mwa utumbo, dawa ikajaa kwenye damu, mapigo ya moyo yakavurugika. Kunywa juisi asubuhi na dawa usiku hakusaidii (kosa la kila siku hili), maana kimeng'enya kipya huchukua siku moja hadi tatu kujengeka.

Mtetezi: Basi viuzwe, ila lebo itaje miligramu za annonasini kwa kila kidonge.

Mfamasia: Lebo naikubali. Lakini kiasi hicho hubadilika kati ya jani na mbegu, mti na mti. Kila shehena ipimwe upya, na gharama aibebe muuzaji. Uko tayari kwa hilo?