MJADALA: Arusha hadi Dar kwa gari la umeme. Vituo vya chaji kwanza au magari kwanza?

Mleta mada (Njiro, Arusha)

Wakuu, heshima kwenu.

Magari ya umeme yameanza kuonekana hapa mjini, na wauzaji wanatangaza "kilomita 400 kwa chaji moja". Upande wa pili kuna wanaoapa kwamba gari la umeme haliwezi kutoka Arusha likafika Dar, eti litakufa Same watu wakalisukume. Wote wanatupotosha, na katikati yao limekaa swali la fedha za umma: serikali itangulize vituo vya chaji kwenye barabara hii, au isubiri magari yawe mengi kwanza? Mimi nasema vituo vitangulie, na kwa kuanzia viwili tu vinatosha, Same na Korogwe. Naweka hesabu yangu hapa, mwenye kuipinga aipinge kwa hesabu.

Tuanze na hiyo 400. Nissan Leaf ya betri ya uniti 40 (nasema uniti, hizi hizi za LUKU, yaani kilowati moja kwa saa moja) kwa kipimo cha zamani cha Japani, JC08, iliandikwa kilomita 400. Ulaya, kwa kipimo cha WLTP, gari hilo hilo likaandikwa 270. Marekani 243. Betri haijabadilika, ila kila nchi ilipima kwa mwendo wake. JC08 ni mwendo wa mjini, na wastani wake haufiki hata kilomita 25 kwa saa. Nani anakwenda Dar kwa mwendo wa bajaji?

Kwenye barabara kuu anayekula betri ni upepo. Ukitoka spidi 80 kwenda 120 umeongeza mwendo mara moja na nusu, lakini upepo unakuzuia mara mbili na robo. Kwa hesabu yangu, gari la tani 1.8 watu wakiwa ndani na kiyoyozi kikiwaka, spidi 80 linakula kama uniti 14 kila kilomita 100. Spidi 120 linakula karibu 22. IST yako nayo inateswa na upepo huo huo, ila huoni, kwa sababu injini ya petroli sehemu kubwa ya mafuta inaigeuza joto tu, na kila mji una sheli.

Halafu kuna mteremko, ambao watu wengi wanausahau. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mia nane na kitu, Korogwe kama 300. Kuteremsha tani 1.8 mita 1,100 ni uniti 5 na ushee unazopewa bure. Wakati wa kurudi unazilipa na riba, uniti 6 hivi.

Sasa piga hesabu. Arusha hadi Korogwe ni kama kilomita 350. Kwa spidi 80 unatumia uniti 49, toa 5 za mteremko, zinabaki 44. Mwenye betri ya uniti 60 anafika Korogwe na akiba ya 16, anakula wali wake anaendelea. Kurudi ni 49 jumlisha 6, yaani 55. Anaingia Arusha na uniti 5, roho mkononi. Na akiamua kukimbia 120 wakati wa kushuka, anaishiwa kabla ya Mombo.

Ndiyo maana nasema Korogwe kwa wanaoshuka na Same kwa wanaopanda. Naomba kuwasilisha.

Dereva wa masafa (Moshi)

Mkuu, hesabu nzuri, lakini wewe barabara hiyo unaipitia kwenye ramani. Spidi 80 utaipata wapi? Kutoka Tengeru hadi Boma Ng'ombe uko nyuma ya malori. Ukiona upenyo lazima ukanyage upite semi mbili kwa pamoja, hapo unagusa 110 hata kama hutaki. Himo, Mwanga, Same, kila kijiji ni 50 na matuta, na tochi zimejificha kwenye miti. Unasimama, unaondoka, unasimama, unaondoka. Hiyo uniti 14 ni ya barabara iliyonyooka isiyo na mtu.

Mleta mada

Dereva, hapo umenisaidia kuliko ulivyonipinga. Kwenye zile 50 za vijijini upepo karibu haupo, matumizi yanashuka chini ya 14. Na ukifunga breki kabla ya tuta, mota inageuka jenereta, sehemu nzuri ya nguvu inarudi kwenye betri. Kwenye gari la petroli inaishia kwenye breki pedi. Tochi ni rafiki wa gari la umeme. Ku-ovateki semi nakubali kunagharimu, ila ni sekunde chache, siyo safari nzima.

Fundi (Unga Ltd, Arusha)

Mnajadili betri ya uniti 60 kana kwamba ndiyo inayoshuka bandarini. Zinazoagizwa na mtu wa kawaida ni Leaf zilizotumika, na hapo ndipo penye kazi.

Mteja akiniletea Leaf, kabla sijafungua boneti nawasha dashibodi nahesabu vile visanduku vidogo pembeni ya geji ya chaji. Ikiwa mpya vinakuwa 12. Kikiondoka cha kwanza, betri imeshapoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake. Wengi wananunua kwa kuangalia rangi na kilomita zilizosomeka, visanduku hawavijui. Unakuta gari linang'aa kama jipya, ndani limebaki na visanduku tisa. Hilo liache liende Kijenge na Sakina, barabara ya Dar silishauri.

Jambo la pili, Leaf haina mfumo wa maji wa kupoza betri, inategemea hewa inayoipitia. Ukiichaji kwa mashine ya kasi mchana wa Same, ukakimbia, ukaichaji tena Korogwe, betri inapata moto na gari lenyewe linapunguza kasi ya kupokea chaji ili lisijiunguze. Chaji ya kwanza dakika arobaini, ya pili unakaa mpaka unasinzia. Magari mapya mengi yanapoza betri kwa maji, hayana shida hiyo, ila bei zake si za kwetu. Na anayekimbilia la zamani zaidi ajue kodi ya uchakavu inamsubiri: gari likivuka miaka minane ni asilimia 15, likivuka kumi ni 30. Kwa umeme hiyo kodi naiunga mkono, japo wateja wangu watanichukia.

Kingine kwa mleta mada: usitoke Arusha na betri asilimia 100. Ikiwa imejaa pomoni haina pa kuweka umeme wa mteremko, unalazimika kutumia breki za kawaida. Toka na 95. Anayetoka Lushoto kushuka Soni ndiye anayelijua hili vizuri.

Mama wa duka (Himo)

Jamani mimi nasoma nacheka. Mimi naenda Kariakoo kuchukua mzigo kwa basi, narudi kwa basi. Mtu mwenye uwezo wa kununua gari la umeme la betri ya uniti 60 siyo maskini. Sasa kwa nini kodi ya duka langu ikamjengee kituo cha chaji Same, wakati Same kwenyewe kuna vijiji vinachota maji kwa punda?

Halafu kuna hili mnalolikwepa. Kila lita ya petroli na dizeli ina tozo ya Mfuko wa Barabara. Ninapolipa nauli nailipa, na ninaponunua sukari iliyoletwa na lori nailipa tena. Huyu wa umeme atapita lami hiyo hiyo bila kuchangia hata thumuni. Mnataka tumjengee na kituo?

Mdau wa Sanya Juu

Nunueni Aqua. Haibrid, yaani petroli ikisaidiwa na mota ya umeme, lita moja inavuka kilomita 20, huna haja ya kituo wala mjadala. Kwaherini.

Mleta mada

Mdau wa Sanya Juu, Aqua ni jibu zuri kwa leo, sibishi. Ila mafuta yake yanatoka nje kwa dola, na umeme tunao hapa. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115. Maji ya Rufiji hayanunuliwi kwa dola.

Mama wa Himo, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote humu. Sisemi serikali ijenge kituo iweke na mhudumu wa kuvaa sare. Nasema itoe eneo, ipeleke laini ya fezi tatu na transfoma, kisha mwenye mtaji aweke mashine na kuuza uniti. Ndivyo sheli zilivyo, serikali haiuzi petroli. Na kwenye kila uniti inayouzwa kituoni ikatwe tozo ya barabara. Umeme wa kawaida nyumbani, ukishavuka lile kundi la wanaotumia uniti 75 kwa mwezi, ni kama shilingi 350 na kitu kwa uniti. Arusha–Dar nzima gari la umeme linakula uniti 100 hivi ukijumlisha zinazopotea wakati wa kuchaji, yaani kama 36,000. IST ya lita moja kilomita 15, kwa lita ya 3,000, ni zaidi ya 120,000. Hapo katikati pana nafasi ya tozo na faida ya mwenye kituo, na bado msafiri akabaki na chenji.

Dereva wa masafa

Chenji atakayoilipia kwa muda. Turudi kwenye jambo ambalo mtu wa Njiro hawezi kuliona. Desemba. Wachaga wanapanda nyumbani. Kuanzia tarehe 20 barabara kutoka Chalinze mpaka Himo ni msururu, na wote wanapanda mlima. Gari lina baba, mama, watoto wanne, mbuzi kwenye buti na gunia la mchele juu. Joto la Mombo hilo unalijua, kiyoyozi hakizimwi.

Sasa wape robo tu ya hao magari ya umeme. Mashine moja ya kilowati 50 inachukua karibu saa nzima kumtoa mtu mmoja mwenye betri kubwa. Wakipanga foleni kumi pale Same, wa mwisho anaondoka usiku wa manane, na watoto wanalia. Sheli inamhudumia mtu kwa dakika tano. Na umeme ukikatika siku hiyo? Mnakuwa na kijiji kipya.

Fundi

Dereva kapiga penyewe. Na gunia juu ya gari msilichukulie poa. Keria iliyobeba mzigo inaharibu hesabu ya upepo kuliko uzito wa mbuzi. Uzito unaulipia zaidi kwenye kupanda, mzigo wa juu unaulipia safari nzima.

Mleta mada

Ya Desemba nakubali, vituo viwili vyenye mashine moja moja havitaiweza. Kila kituo kinahitaji mashine nne au sita, na betri za akiba za kusaidia umeme ukikatika. Lakini tusipime barabara ya mwaka mzima kwa siku kumi. Mabasi nayo Desemba hayatoshi, na hakuna anayesema basi halifai.

Tena nyumba za wageni Korogwe na Same zisisahaulike. Soketi ya kawaida ya ukutani inatoa kilowati mbili na kidogo, ukilala saa tisa umepata uniti 20, ambazo ni zaidi ya kilomita 130. Mwenye gesti akiweka laini ya kilowati 7, mgeni anaamka betri imejaa. Hilo halihitaji serikali hata kidogo, linahitaji mwenye gesti mmoja mjanja na mita yake ya pembeni.

Mwanafunzi wa uhandisi (Arusha)

Naongezea kwa mama wa Himo kuhusu barabara. Uharibifu wa lami unapanda kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Lori lenye tani kumi kwenye ekseli moja linaumiza lami mara elfu kumi ya ekseli yenye tani moja. Gari dogo, la umeme au la petroli, halichimbi barabara. Tozo ni haki walipe, lakini tusiwabebeshe mashimo ya malori.

Mama wa duka (Himo)

Mwanangu, hesabu ya lori nimeielewa, na mzigo wangu uko humo humo ndani ya lori, kwa hiyo usilipandishie sana.

Swali langu kwa mleta mada bado liko. Umesema tozo ikatwe kwenye uniti za kituoni. Sawa. Huyu wa Njiro anayechaji kwake usiku kwa LUKU, akazunguka Arusha mwaka mzima, kituoni Same anapita mara mbili tu, utamkata wapi? Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017, gharama yake ikahamishiwa kwenye mafuta. Tuliambiwa ni nafuu, kila mtu alipie anavyotembea. Wa umeme haguswi na ada wala na mafuta. Mkiirudisha kwa ajili yake peke yake, mtasema mnamwonea. Mkiirudisha kwa wote, mimi mwenye kirikuu nitalipa mara mbili. Nijibu hilo kwanza, ndipo nikuruhusu uchimbe shimo la transfoma.

Mleta mada

Mama, irudi kwa magari ya umeme peke yake, kwa kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi wakati wa kukata bima. Watalalamika, na mimi nitakuwa wa kwanza kulalamika. Wengine semeni.